Mrudishie Chuma Chake: Maneno kwa Vijana Wanaotaka Kujitolea Ng'ambo

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumapili iliyopita kwenye mkutano wetu wa vijana na akina mama hapa Unguja. Mvua iliwazuia wengi, na walioikosa wameniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

*

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, kaka zangu, na nyinyi wanangu mliojibana huko nyuma, hamjambo? Sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kujitolea nchi za nje. Nimeambiwa wapo humu ndani vijana wanaojaza fomu, na wengine wameshapata barua za kukubaliwa. Hongereni. Na mimi nilijaza fomu kama hizo, zaidi ya miaka kumi iliyopita, nikiwa fundi umeme kijana mwenye cheti kipya na maneno mengi. Nikaenda India, jimbo la Rajasthan, kijiji kinachoitwa Tilonia, nikakaa miezi sita kwenye chuo kinachowafundisha wanawake wa vijijini kutengeneza umeme wa jua.

Lakini kabla sijafika Tilonia, nawauliza: mnalikumbuka giza?

Desemba 2009. Umeme unaotufikia kwa waya wa baharini kutoka Bara ulikatika, na Unguja ikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Mnakumbuka kelele za jenereta? Mnakumbuka ndoo, kwa kuwa pampu za maji zilisimama? Sisi wa mjini tulilia kama waliofiwa. Siku moja nikaenda kumtazama shangazi yangu Kaskazini. Nikamkuta jikoni anapepeta mchele kwa mwanga wa koroboi, pua imeingia masizi. Nikamwambia, "Shangazi, poleni na giza." Akanitazama, akaweka ungo chini. "Giza gani mwanangu? Kwetu umeme haujakatika. Haujafika."

Haujakatika, haujafika. Mimi fundi umeme, mwenye kuingia na kutoka nyumba ile tangu mtoto, sikuwahi kuliona hilo. Ndipo niliposikia kwamba wapo wanawake wa kwetu, wa vijiji kama vya shangazi, waliochaguliwa kwenda kusomea sola India. Nikajiambia, hawa watahitaji mtu wa kuwasaidia. Ndivyo nilivyofikiri: watahitaji mimi.

Chuo chenyewe kinaitwa Barefoot College, yaani chuo cha watu wa miguu mitupu. Kilianza 1972. Mwanzilishi wake, Sanjit Roy, ambaye dunia inamjua kwa jina la Bunker Roy, alisomeshwa kwenye skuli za watoto wa wakubwa. Akaiona njaa ya Bihar katikati ya miaka ya 1960, akaamua kwenda kuishi kijijini. Mwenyewe amesimulia kwamba wazee wa Tilonia walimuuliza kama anakimbia polisi, au kama amefeli mtihani. Chuo alichokijenga pamoja na wanakijiji hakitoi cheti. Nayo ina sababu: ukimpa mtu wa kijijini cheti, kesho ameshapanda basi kwenda mjini kutafuta kazi. Kwa hiyo wanapendelea akina mama watu wazima, mabibi wenye wajukuu, ambao roho zao ziko kijijini na hawaondoki. Kusoma na kuandika si sharti. Serikali ya India, kupitia mpango wake wa kusaidia nchi nyingine ulioanza 1964, ndiyo iliyokuwa ikilipia tiketi na matumizi ya wanafunzi wa kutoka nje, miezi sita mizima.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoanza kuona haya.

Nani alijitolea? Mimi nilijitolea? Nilikuwa sina mume, sina mtoto, sina shamba. Nilichoacha nyuma ni chumba cha kupanga. Lakini alikuwepo mama mmoja, nitamwita Mama wa Karafuu, na mtajua kwa nini. Mzaliwa wa Pemba, ameolewa kijiji cha pwani huku Kaskazini, umri wake miaka hamsini na kitu. Alikuwa analima mwani. Nyinyi wa pwani mnajua: mwani hausubiri. Maji ya bamvua yakitoka, unashuka nayo, unafunga, unavuna, unarudi kabla hayajakujia kiunoni. Ukikosa bamvua mbili tatu, kamba zimejaa uchafu, na mwani wenyewe unakatika unakwenda zake. Kaacha kamba zake. Kaacha mume aliyekwishamwambia mbele ya sheha kwamba mwanamke hapandi ndege akiwa mzima wa akili. Kaacha mjukuu wa miaka minne aliyezoea kulala mgongoni kwake.

Na nani aliyeshuka pwani kwenye kamba zake miezi ile sita? Majirani. Wanawake wanne walipeana zamu. Kila bamvua mmoja wao alimaliza za kwake, akaenda na kufunga za Mama wa Karafuu, na mwani ulipouzwa fedha zikapelekwa kwa yule mjukuu. Hawakujaza fomu. Hawakupiga picha. Hakuna aliyewaita wajitoleaji. Nilikuja kulijua hilo tuliporudi, nilipomsindikiza kijijini nikaona kamba zimefungwa safi kuliko alivyoziacha.

Wanangu, kabla hujaandika kwenye fomu yako kwamba umejitolea, uliza: ili mimi niwe hapa, nani anashika kamba zangu? Na ili yule mama awe hapa, nani anashika zake?

Nakuja Tilonia.

Karakana ni chumba kirefu chenye meza, na mezani wanawake wamekaa bega kwa bega kutoka nchi ambazo nyingine sikuzijua ziko wapi. Hakuna lugha inayowaunganisha. Walimu ni akina mama wa Rajasthan, wengi wao hawakusoma skuli, na wanafundisha kwa mikono, kwa michoro, na kwa rangi. Hapo nilipata zawadi ya kwanza. Mwalimu ananyoosha kile kidude kidogo cha kuzuia umeme, rezista, anaonyesha mistari yake, anasema "rang". Mama wa Karafuu akaruka: "Rangi! Anasema rangi!" Kumbe ni neno lile lile. Buluu wao ni "nila". Sisi tuna nili, ile ya kufulia nguo nyeupe. Na hesabu kwao ni "hisab", na dunia ni dunia, na chai ni chai. Tangu siku ile woga ukapungua mezani petu.

Mnajua rezista inavyofanana? Kitumbo kidogo, mguu huku na mguu kule. Kwenye kitumbo kuna mistari ya rangi, na kila rangi ni tarakimu: nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, manjano nne. Mimi chuoni nilikariri kwa wimbo wa Kiingereza na bado nilikuwa nasahau. Mama wa Karafuu aliishika moja, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Hii karafuu hii." Akaanza kuzipanga kama anavyochambua karafuu kwenye jamvi. Kahawia, nyeusi, nyekundu: hii ya elfu moja. Kahawia, nyeusi, manjano: ya laki moja. Hajui kuandika jina lake, lakini vidole vimechambua karafuu miaka arubaini, jicho linaona kahawia na kahawia iliyoiva zaidi. Kufika wiki ya tatu alikuwa ananishinda kasi.

Sasa kosa langu. Nalisema wazi kwa sababu mtalifanya na nyinyi msipoonywa.

Siku moja alikuwa analehemu, yaani kugandisha vipuri kwa madini yaliyoyeyushwa, kwenye bodi ya kidhibiti chaji, kile kifaa kinacholinda betri isijazwe kupita kiasi wala isinyonywe ikakauka. Mkono unatetemeka. Lehemu haikai. Ameifanya mara mbili, imetoka kavu, imefifia kama jivu; na lehemu nzuri, mafundi mliomo humu mnajua, inang'aa kama jicho la samaki aliyetoka majini sasa hivi. Mimi nimesimama nyuma yake. Nikamhurumia. Nikasema, "Lete mama, nikusaidie." Nikachukua kile chuma cha moto cha kulehemu mkononi mwake, nikalehemu. Sekunde tano. Inang'aa. Nikatabasamu.

Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza, mama mfupi, bangili zimefika kiwikoni. Akaja. Hakusema neno. Akaichukua bodi, akaiwasha moto ile lehemu yangu nzuri, akainyonya yote mpaka tundu likabaki jeupe. Akaitia bodi mbele ya Mama wa Karafuu, akamrudishia chuma mkononi. Halafu akanigeukia mimi, akanishika mikono yote miwili, akaiweka nyuma ya mgongo wangu, kama unavyomfanyia mtoto aliyekaribia chungu cha moto.

Nikasimama hivyo hivyo, mikono nyuma, nikimwangalia mama akiikosea tena. Na tena. Mara ya sita ikang'aa. Akaishusha bodi taratibu, akafuta jasho kwa ncha ya kanga. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwalimu.

Kwani nilikuwa nimekosea nini? Lehemu ilikuwa nzuri! Ndiyo, lakini nilikuwa nitapanda ndege na ile lehemu mkononi mwangu. Kijijini, koki ya mvua ikifunguka na taa ikafa saa mbili usiku, ataitwa nani? Mimi nitakuwa mjini. Mkono unaotakiwa kujua ni ule ule ulioko kijijini. Kila mara ninapomfanyia, namwibia. Namwibia! Sitalipaka asali neno hilo.

Na sasa nawaambia nyinyi mnaokwenda: mtakutana na chuma hicho. Huenda si cha kulehemu. Huenda ni cherehani, huenda ni kompyuta, huenda ni chaki. Mtamwona mtu anakosea, na nyinyi mnajua, na mkono utawawasha. Uwekeni nyuma.

Basi kazi yangu ikawa nini? Nilipanga makopo. Usiku nilikaa na taa, nikihesabu vipuri kwa kila meza ili asubuhi wasipoteze muda. Nilibeba masanduku. Desemba ilipoingia, baridi ya Rajasthan ikawashika akina mama wa pwani ambao hawajawahi kuvaa soksi, na mimi nikawa mtu wa kutafuta mablanketi. Niliwasindikiza zahanati, nikaeleza "tumbo linakata" kwa Kihindi changu cha kuokoteza. Tulikwenda Ajmer, kwenye kaburi la Khwaja Moinuddin Chishti, wakasoma Fatiha, wakarudi nyuso zimenawiri kuliko siku yoyote.

Na usiku mmoja simu ililia. Ilikuwa inamtafuta mmoja wa akina mama zetu, na waliponipata mimi kwanza, wakaniambia mama yake mzazi amefariki na ameshazikwa. Nikatembea kutoka ofisini mpaka chumbani kwao. Uwanja ule si mkubwa, lakini usiku ule haukwisha. Kati ya yote niliyoyafanya Tilonia, naamini hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya, kwa sababu habari ya msiba haifai kufikishwa kwa ishara ya mikono. Nilimkalisha. Nikamwambia kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu wa nyumbani.

Nikadhani tutakuwa sisi wachache wa Kiswahili tu. Lakini mlango ukafunguka. Akaingia mama wa Senegal na tasbihi yake. Akaingia mama wa Malawi. Wakaja wawili kutoka Amerika ya Kusini, wakafanya ishara ya msalaba, wakakaa chini sakafuni. Asubuhi wakaja walimu na birika la chai. Matanga ya siku tatu, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Yule mama wa Senegal alimshika mkono, akanyamaza, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Siku ya nne mfiwa akafunga kilemba, akarudi mezani, akaomba apewe bodi yake.

Nasikia vijana wakisema, "Nakwenda wiki mbili kujitolea." Wiki mbili ni matembezi, mwanangu. Yaite matembezi, wala hakuna ubaya, nenda ukaone dunia. Lakini katika wiki mbili hujajua hata nani hali nini, hujajua nani ana presha, na simu ya msiba ikija watamtafuta mtu mwingine wa kuipokea. Kaa. Jifunze maneno mia mbili ya lugha yao kabla hujaondoka hapa. Na nauli yako jilipie au ichangishe wewe, usile kwenye fungu la akina mama.

Liko jambo jingine wasiloliweka kwenye vijitabu vya kituo chochote. Mwanamke akishajua kitu kimoja, anaanza kuuliza vingine.

Katika nchi ile ile ya Tilonia yuko mama anaitwa Naurti Bai, wa kijiji cha Harmara. Mama wa tabaka la chini kabisa katika mpangilio wao, aliyekuwa akivunja mawe kwenye kazi za barabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake walidai kwamba wanalipwa chini ya kima cha chini cha sheria, kwa kisingizio kwamba ni kazi ya msaada wa njaa. Bunker Roy akalipeleka shauri kwenye mahakama ya juu kabisa ya India, na mwaka 1983 mahakama ikaamua: kumlipa mtu chini ya kima cha chini, hata wakati wa njaa, ni kumfanyisha kazi ya kulazimishwa, na katiba inakataza. Naurti akajifunza kusoma akiwa mtu mzima. Akajifunza kompyuta. Mwaka 2010 wanakijiji wakamchagua awe kiongozi wa halmashauri ya kijiji chao.

Kwa nini nawasimulia? Kwa sababu niliiona safari hiyo ikianza kwa Mama wa Karafuu. Tuliporudi, kwenye mkutano wa kwanza chini ya mwembe, sheha alisoma majina ya kamati ya sola: wanaume watano. Mama alikuwa amekaa kwenye jamvi na akina mama. Akasimama. Sikuwahi kumwona akisimama mbele ya wanaume. Akasema, "Mwenye kutengeneza ni mimi. Mwenye kukusanya fedha ya betri asiyenijulisha mimi, taa yake ikizimika asiniite." Akakaa. Kukawa kimya. Kamati ikaongezwa wanawake watatu siku ile ile. Na mume wake, yule wa ndege na akili? Alikuwa wa kwanza kumletea ngazi.

Utaratibu wenyewe mnaujua: kila nyumba inatoa kila mwezi kiasi kisichozidi ilichokuwa ikinunulia mafuta ya taa, sehemu inamlipa fundi, sehemu inawekwa kwa ajili ya betri. Betri ndiyo roho. Paneli inakaa miaka ishirini na zaidi, betri inakufa mapema, na ile ya maji ukisahau kuiongeza maji yake inakufa mapema zaidi. Nimekiona kijiji kimoja, sikitaji, ambako kamati ililegea, michango ikakoma, na fedha iliyokuwepo ikanunuliwa viti vya harusi. Betri zikafa. Nyumba zile zikarudi kwenye koroboi huku paneli zinang'aa juu ya mapaa. Fundi wao alikuwepo, na ujuzi wake kamili mkononi, anapita chini ya mapaa yale kila siku kwenda kisimani. Niliumia kuliko kama sola isingefika kabisa. Na hapo hakuna mjitoleaji wa ng'ambo aliyekosekana. Alikosekana mtu wa kukaa na kamati ile Jumamosi moja kwa mwezi, akafungua daftari.

Mtu huyo hahitaji pasipoti.

Siwakatazi kwenda. Nendeni India, nendeni popote Mungu alipowaandikia. Mimi bila Tilonia nisingejua kuweka mikono nyuma. Lakini siku hizi Kinyasini, hapo hapo Kaskazini Unguja, kuna kituo cha Barefoot College ambako akina mama wanafundishwa sola kwa Kiswahili, na kushona, na kufuga nyuki. Kutoka hapa tulipo ni safari ya daladala. Nimewauliza wangapi kati yenu mmefika? Nimehesabu mikono: minne. Ukumbi wote huu, mikono minne.

Basi naomba kitu kimoja. Jumamosi ijayo, inshallah, saa mbili asubuhi, gari litakuwa mbele ya skuli hii. Tunakwenda kijiji kile cha viti vya harusi. Kamati mpya imechaguliwa na imekubali kuanza tena, na fundi wao amesema yuko tayari, ila anataka wenzake wa kukagua nyumba hamsini na mbili kwa siku moja. Nafasi ni kumi na mbili. Mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, aje nayo. Mwenye lehemu aje nayo. Kila mtu na chakula chake, tusiwatie gharama wenyeji.

Atakayetuongoza siku hiyo ni Mama wa Karafuu. Magoti yanamsumbua sasa, kwenye ngazi hapandi. Atakaa chini ya mwembe na meza yake, nyinyi mtamletea vidhibiti vilivyoharibika, naye ataviangalia pamoja na fundi wa kijiji. Nyinyi mtapanda mapaa, mtafungua, mtashusha, mtabeba. Chuma cha kulehemu kitakuwa mkononi mwa yule fundi wa kijiji.

Ahsanteni sana. Karatasi ya majina iko hapa mezani.